Kuku ya Kumukomboa Muzee wa mu Televizyo

Mu michezo ya televizyo mimi nakuwaka mutu mubaya. Nasema mapema, ili mwenye anataka kunihukumu aanze. Kuko ile michezo yenye inakuuliza kila mara utafanya nini: mwizi amekamatwa, utamusamehe ao utamufunga? Mujane anaomba chakula, utamupa ao utamufukuza? Batu mingi banachagua wema. Mimi nachagua ubaya, na nachagua roho yangu ikiwa imetulia kabisa. Nafukuza bajane, nanyang'anya barafiki mali yao, nadanganya bafalme. Kitu moja tu sigusi, ni kuchoma nyumba za batu. Muchezo ukiniletea hiyo, nazima. Kwetu hiyo tunaijua bila kuwasha televizyo, sina haja ya kuicheza.

Musifikiri niko mutu wa fujo. Nauzishaka dawa ku pharmacie moja ya Kimemi, hapa Butembo, na kutoka asubui mpaka jioni kazi yangu ni kusema pole. Mutu anakuya na karatasi ya docteur imelowa na mvua, haisomeke, na hasira yote inaniangukia mimi. Pole, papa. Mwingine anataka nusu ya dawa ya malaria, ameze leo, kesho aache. Namueleza, ananitukana, nasema pole, mama. Jumapili naimba mu chorale, mustari wa mbele, na mustari wa mbele hauruhusu hata kupiga mwayo. Kwetu niko mutoto wa kwanza, donc kila mugonjwa na kila kilio njo mimi. Mais mu muchezo niko na kiti ya chief, niko na askari, na hakuna mutu hata moja wa kumwambia pole. Bengine banapumuzika na bia. Sisi Baprotestanti tunajitafutia njia.

Mashine ya muchezo ilikuwa ya muchumba wangu. Yeye kazi yake ni kupandisha plaque za jua ku manyumba, leo hapa mu ville, kesho ku Musienene, anarudi na vumbi mpaka mu masikio. Ni mutu wa sauti ya chini. Muchezo wetu ulikuwa moja, wa chief anayetawala bonde, batu banakuya mbele ya kiti yake na mashitaka yao, na kila mutu kati yetu alikuwa na bonde yake. Ku bonde yake yeye batu balimupenda mpaka batoto balimuimbia. Ku bonde yangu, nikitoka inje, batu balifunga milango. Tulicheza kwake Jumapili kisha ibada, mulango wazi, dirisha wazi, pazia ya rido imefungwa fundo, juu kwetu bachumba bakiikala mu nyumba moja ni lazima jirani aone kama hakuna kingine kinafanyika. Jirani aliona. Na alisikia, juu mimi nikicheza siwezi kunyamaza.

Sasa wacha niseme kilichokuwa kinaniuma. Mbuzi zilikuwa bado. Baba badogo ba muchumba wangu balikuwa tayari kuleta mahari kwetu, mais kwao mbuzi haitoke mu kamba mbele mama ya kijana hajasema neno lake. Baba yake alishakufa. Mama ilikuwa ni huyu peke yake, anaikala ku Beni, mu Beu, shemasi wa kanisa, mama wa heshima. Kama angesema hapana, muchumba wangu hangemupita, nilimujua. Na mimi ule mutu nilimutaka. Nilimutaka na vumbi yake ya masikio.

Mama alikuwa na ugonjwa ya goti, na docteur alimuomba akuye Butembo bamuangalie vizuri. Tulimungojea Jumatatu. Nilishapanga vile nitamupokea: kikwembe gani, nitapiga magoti wapi, nitapika nini. Nilijizoeza hata sauti.

Mais Jumapili asubui gari ya mukristo mwenzake ilikuwa na nafasi, akapanda. Alifika mimi nikiwa bado mu ibada. Muchumba wangu alimulaza mu chumba, halafu akatoka mbio kwetu kunijulisha, juu simu yangu ilikuwa imezimwa kwa ajili ya kuimba. Mimi nilipita njia ya chini, yeye ya juu. Nilikuta mulango wazi, salon bila mutu, courant ya umeme iko. Nikavua viatu, nikaikala, nikakamata manette, ile ya kubonyezea muchezo.

Siku ile mbele ya kiti yangu alikuya muzee moja wa ndevu, mugongo umepinda. Shamba yake imeharibiwa na mvua, hana kitu ya kulipa kodi, anaomba chief amuvumilie mwaka moja. Muchezo unaandika mu Kifaransa, mimi najibu mu Kiswahili, kwa nguvu.

"Mwaka moja? Unanifikiri mimi mujomba wako? Askari, mumukamate huyu muzee, mumutupe inje na njala yake. Mbuzi yake ibakie hapa. Na akilia, mumuongezee."

Nyuma yangu rido ya chumba ikafunguka. Nikaona mama moja amevaa tricot mbili juu ya kikwembe, muguu moja anaukokota, mukono moja ameshika ukuta. Mu kwapa iko na kuku, miguu imefungwa na kamba ya ndizi. Alitembea mpaka mbele yangu, na goti yake ile ya ugonjwa, akainama.

"Mama, nakuomba," akaniambia. "Sijui muzee alikosa nini. Mais kamata hii kuku, umuachilie."

Na akaiweka mu mikono yangu. Alipoinua uso nikaona pua. Ile pua naijua, naiona kila Jumapili ku uso ya muchumba wangu. Manette ikaanguka.

Yeye alikuwa anaangalia nyuma ya viti. "Muzee iko wapi? Mulishamutosha?"

Nilionyesha televizyo na kidole. Muzee alikuwa bado pale, mukono ya askari ku bega, anangojea nibonyeze. Mama akamuangalia. Akaniangalia. Nikashuka chini na magoti yote mbili, kuku mu mikono, nikasema, "Wasibire, mama," juu ilikuwa muchana na salamu ya Kinande njo ilikuwa karibu ku kinywa. Akaitikia, kwa heshima yote. Njo vile mutoto wake alitukuta. Alisimama ku mulango, akaangalia mama, akaniangalia, akaangalia kuku, na ile sauti yake ya chini akauliza kama tumeshasalimiana.

Nilijaribu kurudisha kuku. Mama alikataa. Kwao kuku ya kukomboa mutu ikishapita mukono hairudi, hata kama mutu mwenyewe hayuko. Nikaipeleka kwetu. Mama yangu aliuliza imetoka wapi, nikajibu imetoka kwa bokwe, kwao na muchumba, akafurahi, na kesho yake tukaikula. Mimi sikumeza vizuri. Nilisikia haya. Mutu ametoka Beni na goti ya ugonjwa kuangalia kama binti anafaa, na kitu ya kwanza anasikia ni huyo binti anatupa muzee inje. Na mama mwenyewe ni wa Beni, kule batu bameonaka mambo ya vita. Nilimwambia muchumba wangu, "Imekwisha." Akasema, "Hapana, mama alicheka ndani." Nikamwambia basi alicheka ndani sana, juu inje haikuonekana.

Mais kukimbia sikuweza. Kila siku kisha kazi nilienda kumupikia, njo desturi, hata kama ni kupikia mutu mwenye anaenda kukukatalia. Nilipika maharagi ya shamba yetu ya Musienene, viazi birayi, muboga ya lenga-lenga, mafuta ya mawese yenye alileta yeye mwenyewe. Alikula. Akasema "wasingya", ile aksanti ya Kinande. Akavuta tricot yake, juu baridi ya Butembo ilimushinda, na akanyamaza. Mimi mutu akinikasirikia, naweza. Akininyamazia, naanza kuosha sahani yenye nilishaosha.

Siku moja mvua ilinyesha, goti ikiwa juu ya kiti kidogo, akasema bila kuniangalia, "Washa ile kitu. Nataka kujua ule muzee alifika wapi."

Nikawasha. Na hapa musinicheke: nilicheza muzuri. Nilimusamehe muzee, nilimurudishia mbuzi, nilimupa na mbegu. Nilisoma maneno yote na sauti ya kufundisha batoto ba Jumapili. Mama alisikiliza mpaka bashitaki kama batatu bakapita.

"Hii sauti si ile nilisikia," akasema.

"Ni ile ile, mama."

"Hapana. Cheza kama ile siku. Sikutembea na goti juu ya kuonyeshwa mutu mwingine."

Basi nikacheza. Kwanza kidogo kidogo, halafu mwizi wa mbuzi akaletwa na nikasahau niko na nani. Nikamuita majina. Nilipotaka kumufunga, mama akanigusa bega.

"Ngoja. Huyo mwizi iko na baba mudogo? Nani anamusemea?"

"Muchezo hauseme, mama."

"Ile mbuzi aliikula peke yake ao na batoto?"

"Hauseme."

"Na mwenye mbuzi, balishagombanaka mbele?"

Nikaanza kuelewa. Baba ya huyu mama alikuwaka anaikala mu kyaghanda, ile nyumba ya bazee ya kusikilizia maneno ya batu, na yeye alikomalia ku mulango ya pale, anapitisha maji ya kunywa na kusikia kila kesi. Nikamueleza kama hapa kuko bouton mbili tu. Hii ni kusamehe, hii ni kuadhibu.

"Na ya kuikalisha batu chini iko wapi? Ya kulipa mbuzi, mukule pamoja, ikwishe?"

"Haiko."

Akafikiri. "Basi benye balitengeneza hii muchezo habajagombanaka na jirani," akasema. Na kwa mara ya kwanza akacheka inje, mukono ku kinywa, mpaka goti ikamuuma.

Tangu pale tulicheza kila siku kisha chakula. Mimi nilishika manette, yeye alihukumu. Niwaambie kitu: shemasi huyu alikuwa mubaya kunipita. Muchuuzi moja alikuya kusalimia tu, mutu wa kuchekacheka, na mama akasema mufunge.

"Mama, huyu hajakosa."

"Mufunge. Anafanana na mutu moja ninamujua."

Nilimufunga. Mama akaomba aone na gereza yenyewe, kama ni ndogo. Ilikuwa ndogo, akaridhika, akaniomba chai. Nilikuwa nimeanza kumupenda huyu mama, na njo kitu kiliniogopesha zaidi, juu neno lake lilikuwa bado mu kinywa yake. Mara nyingine, kati ya chai na chai, nilisikia anaongea na simu mu Kinande na baba badogo ba Beni, mambo ya goti, mambo ya kakao, na jina ya mbuzi haikupita.

Jumamosi mutoto wake alirudi mapema, akaoga, akakamata manette yeye. Mama alitaka kuona bonde yake. Aliona batoto banamuimbia, aliona maua ku milango. Mujane akakuya kuomba mukate. Muchumba wangu akaacha manette juu ya goti, akatosha simu.

"Unasoma nini?" mama akauliza.

"Naangalia, mama. Kuko batu banaandika mu internet jibu gani inaleta nini. Huyu mujane ukimupa mukate, kisha anakupa ufunguo."

"Na kama hangekuwa na ufunguo?"

"Ningemupa tu."

"Mais uliangalia mbele."

"Ni vizuri kuangalia, mama. Hutakosa."

Akamupa mukate. Mujane akamubariki na ufunguo ukatoka kweli. Mama alivuta tricot, akamuangalia mutoto wake wakati murefu vile mimi ningeangalia dawa yenye karatasi yake imetoka ku chupa. Mimi nilimutetea siku ile, kimoyomoyo. Nilijisemea: hata akiangalia mu simu, mukate alitoa. Mimi ningemufukuza.

Siku ya kurudi Beni ikafika. Goti ilikuwa imepunguka kuvimba, mufuko wake ulikuwa ku mulango, gari ingepita kisha chai. Tulikuwa sisi batatu mu salon, televizyo imezimwa. Nilimumiminia chai. Aliweka kikombe chini.

"Nilikuya juu ya goti," akaniambia, "mais nilikuya pia juu yako. Na ubaya wako niliusikia mbele sijaona sura yako."

"Nisamehe, mama."

"Sijamaliza. Nimeikala nao hizi siku zote. Naujua. Unapanda hasira, unapiga kelele, unafunga batu, halafu unaenda kunipikia lenga-lenga na unauliza kama chumvi imefika. Ubaya wako hauniogopeshe." Akageuka ku mutoto wake. "Mais huyu nilimuzaa, nilimulea, na tangu amekuwa mukubwa sijamuona na kosa. Hajanipandishia sauti. Hata mujane wa mu televizyo hawezi kumukosea. Mutu bila ubaya sijamuonaka mimi, hata mu kanisa. Ubaya wako wewe uliuweka wapi?"

Yeye aliangalia chini. Mimi nikashindwa kuvumilia. "Mama, yeye ni mutu muzuri tu."

"Sikukuuliza wewe."

Nilimuona muchumba wangu anafungua kinywa na kukifunga. Nilijua anatafuta jibu, na hakuna mutu aliandika ile jibu mahali.

"Iko, mama," akasema.

"Iko wapi?"

"Ile siku benye silaha balikuya na tulikimbia shamba ya kakao. Ulipoanguka mu mufereji na goti ikageuka. Batu bote balitupita mbio, na wewe ulisema huwezi kusimama. Nilikuacha, mama. Si mbali. Nilienda mpaka pale njia inakunja, nikaona barabara, na nilitaka kuendelea. Nilisimama pale nikitaka kuendelea. Halafu nikarudi kukubeba. Batu bote ba Beni bananisifu nilibeba mama yangu, na mimi najua nilienda kwanza. Tangu pale naogopa kukosa. Kila kitu naangalia mbele, juu ile siku sikujua jibu."

Alikuwa analia, ule mutu wa sauti ya chini, mabega yote yanatikisika. Mimi nilitaka kusimama nimushike na sikuweza, mbele ya mama yake. Yeye mama hakushituka hata kidogo.

"Nilikuona," akasema. "Nilianguka ku goti, si ku macho. Nilikuona unaenda, na nilikuombea uende vizuri. Halafu nikakuona unarudi umenuna. Ulinibeba mpaka ku barabara bila kunisemesha neno moja, na mimi kule ku mugongo nilisema: huyu ananibeba na hasira, mais ananibeba." Akamupangusa uso na kona ya kikwembe, vile unapangusa mutoto wa kunyonya. "Nilingojea tu uniambie. Nilianza kufikiri nitakufa mbele ya kuisikia."

Kisha akanigeukia mimi. "Umesikia. Sasa huyu njo yeye, yote. Mimi jibu yangu niko nayo tangu ile siku ya gereza. Mais sikutaka uchukuliwe na mutu nusu. Sema wewe: bado unamutaka?"

Nilimuangalia. Macho mekundu, pua ya mama yake, vumbi kidogo mu sikio lenye hakuosha vizuri. Nilimupenda mpaka hasira ikanishika, juu alibeba ile kitu peke yake na mimi niko hapa kila Jumapili. Nikamuanza yeye kwanza. Nikamwambia uko mujinga, uko mujinga kabisa, kwa nini hukuniambia. Nikasikia jirani amefungua dirisha. Kisha nikashuka chini na magoti mbele ya mama.

"Namutaka, mama. Huyu huyu."

Akatosha simu mu mufuko wa tricot ya ndani, akaita baba mudogo ku Beni, akamwambia aanze kutafuta mbuzi, na achague zenye zinanona.